Nusu ya Ngapi?

Enzi zetu pale Rusimbi, kando ya ziwa, dawa ilikuwa kijiko kimoja na pua imebanwa na mama. Hakuna mtoto aliyeulizwa anajisikiaje. Tulishinda ziwani, tukarudi macho mekundu, tukakuta ugali wa muhogo na samaki mgebuka anaelea kwenye mawese, tukalamba mpaka viwiko. Vijana wa leo mkiyaona mafuta yale mnakimbilia kupima presha.

Ndiyo miaka wakimbizi walipokuwa wakishuka kutoka Burundi. Kwenye chumba chetu cha uani alikaa Mama Goreti na binti yake. Watu walibanana, kuhara kukaingia, na majirani wakanong'ona kwamba kumekuja na wageni.

Zahanati ikajaribu dawa ya kinga. Watoto ishirini walinyweshwa dawa yenyewe, ishirini wengine maji ya sukari yenye rangi ileile. Wazazi walielezwa, wakakubali, ila nani kanywa nini hatukujua. Msimu ulipokwisha, mganga, mtu wa Bukoba mwenye Kiswahili cha redioni, akatangaza: "Dawa inapunguza hatari ya kuugua kwa nusu. Masika ijayo mtapewa wote."

Watu wakapiga makofi. Mama hakupiga. Alitutazama mimi na dada yangu Agnesi kama anayechagua kuku wa kuchinja.

"Nusu! Mimi ninao wawili. Basi mmoja wenu ataumwa."

Tulipofika nyumbani akamwambia Mama Goreti atafute pa kwenda, nyumba ipungue watu. Yule mama akaanza kukunja mkeka. Goreti akaninyooshea mpira wangu wa matambara niliomwazima. Nilitamani angenitukana.

Bahati, mganga akaingia uani kununua mawese. Akauliza mkeka unakwenda wapi, na Mama akamwaga yote. Yule bwana akachuchumaa na suruali yake ya pasi, akachota chikichi za mawese zilizosubiri kuchemshwa, akapanga ishirini huku, ishirini kule.

"Hawa ni wa maji ya sukari. Wameugua wanne." Akavuta nne pembeni. "Hawa wa dawa, wameugua wawili. Wawili ndio nusu ya wanne, mama. Si nusu ya watoto wako!"

Mama akazipapasa zile zilizobaki. "Kumbe hawa wote wazima?"

"Wazima."

"Sasa si ungesema hivyo, baba! Nusu, nusu, ungeniua!"

Akacheka mpaka khanga ikamdondoka begani, akamnyang'anya Mama Goreti mkeka, akautandika mwenyewe. "Urakoze," yule mama akashukuru kwa kwao, akaketi kama aliyetua mzigo wa kuni. Masika ilipokuja tukanywa sote watatu, mimi, Agnesi na Goreti, tukavuka msimu salama. Tangu hapo, ukimtajia Mama nusu ya kitu chochote, anakuuliza: "Ya ngapi?"

Mimi shule niliishia darasa la tatu, na nyumba nimejenga kwa mikono hii. Leo wajukuu wananisomea kwenye simu: "Babu, kitu fulani kinaongeza hatari mara mbili!" Wanaogopa hata kikombe cha chai. Nawauliza, mara mbili ya ngapi? Wanarudi kupekua simu. Simu inajua kila kitu, ila haijui kuchuchumaa ikampangia mtu chikichi.

Bibi yao Goreti huwa anacheka huko jikoni. Ule mpira wa matambara aliotaka kunirudishia siku ile, sikuuchukua.