Nilivyoionja rubisi ya wakwe nikasema "despicable"

Wakuu, heshima kwenu. Vijana mtaniamkia kwenye comments.

Hii sikuhadithiwa, aibu ni yangu mwenyewe.

Nina form four ya zamani, na Kiingereza kidogo kilichobaki nakipenda kupita kiasi. Juzi juzi nilidaka neno redioni: despicable. Kamusi ikasema ni la kulaani jambo la kudharaulika kabisa. Nikalitunza likisubiri siku yake.

Siku ikafika. Binti wa marehemu mdogo wangu alikuwa anaposwa hapa kwangu Nyakakika. Wageni walitoka Songambele na madumu ya rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mimi ndiye mkubwa wa ukoo, kwa hiyo naonja kwanza. Nikiikubali, mazungumzo yanaanza.

Nikaonja. Chachu tupu!

Ningeweza kunyamaza. Nikasimama, nikakohoa: "Despicable!"

Babu wa kijana, aliyeikamua mwenyewe, akashangaa. "Waitu, ndugu zangu, ameisifu?"

"Hapana, babu," akasema mwalimu mmoja wa upande wao. Akanigeukia. "Shikamoo mzee wangu. Hilo neno si la kinywaji. Anaambiwa mtu aliyekula rambirambi za yatima. Linalaani roho ya mtu, siyo ladha. Sasa hapa umelaani roho ya nani?"



Wakaanza kubeba madumu yao. Binti yetu yuko dirishani, kanga mdomoni, machozi yanamtoka.

Mke wangu akaninong'oneza: "Huna Kizungu kingine? Malizia basi."

Wakuu, sikungoja mshenga. Nilikimbia na umri huu, koti linapepea, nikakatiza kwenye migomba, nikawakuta njiani. Nikamwomba yule babu radhi kwa Kinyambo, lugha yetu, bila neno la kuazima hata moja.

Akatua dumu lake chini.

"Kwani mimi sina ulimi? Nilijua tangu nyumbani kwamba imechacha, ila sikuwa na nyingine. Ungesema tu imechacha, tungecheka, tukanywa chai."

Wakarudi. Tukanywa chai. Binti sasa yuko kwake Songambele.

Nilichojifunza: maneno makali yapo kwa ajili ya uovu mkali. Ukiyamaliza kwenye pombe, siku ukimkuta mla rambirambi za yatima utamwambia nini?

Nanyi mlioponzwa na Kizungu, jitokezeni hapa chini. Msiniache nichekwe peke yangu.