Mwanasesere Asiye na Uso

Harufu ya plastiki inayoungua hunirudisha Garissa, katika kiangazi kile kirefu nilipokuwa na miaka saba. Baba, aliyekuwa akiuza mbuzi sokoni, alirudi siku moja na mwanasesere wa bei rahisi: nywele za manjano, macho ya buluu, mikono isiyokunjika. Nililala naye, nikala naye. Ayeeyo, ndivyo tulivyomwita bibi yetu, alimtazama kwa siku mbili. Siku ya tatu alikuwa akipiga pasi kanzu ya baba, kwa ile pasi nzito ya makaa, akanyoosha mkono.

"Mlete hapa, mjukuu wangu."

Nilimpa, nikidhani anataka kumnyooshea gauni. Akamgandamiza uso kwenye pasi. Moshi ukapanda, na alipomwinua, pale palipokuwa na macho, pua na mdomo palikuwa bapa, laini kama kigae.

"Malaika hawaingii nyumba yenye sanamu," alisema. "Sasa si sanamu tena. Mchukue ucheze."

Nililia hadi sauti ikakauka. Baba alitoka kwenda kwa mbuzi wake, kwani yule alikuwa mama yake. Lakini kilichonivuruga zaidi kilikuja baada ya alasiri, nilipomkuta Ayeeyo mkekani, amekata kipande cha dirak yake, lile gauni jepesi la sikukuu ambalo hatukuruhusiwa hata kuligusa, anamshonea mwanasesere nguo na mtandio. Alikuwa akimwimbia wimbo wa kubembeleza watoto. Aliponiona aliacha kuimba, kana kwamba nimemfumania. Sikujua nimchukie au nimkumbatie. Nilikaa karibu naye, nikamshikia uzi.

Leo mimi ni mchoraji papa hapa Garissa, na wanawake ninaowachora hawana nyuso, ila nguo zao nazichora uzi kwa uzi. Wageni huniuliza kama ni dini au ni hasira. Kila mmoja nampa jibu lake, kwa sababu mwenyewe sijui, na Ayeeyo, ambaye ningemuuliza, alishafariki. Binti yangu sasa ana miaka saba. Wanasesere wake huongea na kufumba macho, na hakuna aliyewahi kuwagusa nyuso. Wiki iliyopita alichukua kalamu akamchorea mmoja wa wanawake wangu macho mawili makubwa, moja juu kuliko jingine.

"Mama, alikuwa haoni," akaniambia.

Nilichovya brashi kwenye rangi ili niyafute, nikasimama mbele ya picha ile mpaka rangi ikakaukia kwenye brashi.