Laptop iliyokataa kuwaka, na sauti ya mama mkwe wangu iliyokuwa ndani yake

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa masikio kabla hatujajua tutasikia nini.

Wakuu, assalaam alaykum. Na msio Waislamu, nawasalimu kwa heshima ileile. Mimi ni mzee wenu wa hapa Bagamoyo, nasoma sana humu jukwaani ila naandika kidogo. Ninayosimulia yametokea nyumbani kwangu, na siongezi chumvi.

Nina laptop ya zamani, nzito, niliyoachiwa na mwanangu alipohama. Ndani yake mna sauti ya marehemu mama mkwe wangu akisoma uradi, zile dua na dhikri zake za kila siku. Mjukuu wake alimrekodi kwa simu, akaihamishia humo, na simu yenyewe ikaja kuibiwa. Kwa hiyo nakala ilikuwa hiyo moja tu.

Kila Alhamisi baada ya alasiri, mke wangu, Bi Zuhura, hutandika mkeka, huweka laptop juu ya meza ndogo na chetezo cha udi kando yake. Ni heshima kwa mama yake.

Sauti inasoma, moshi unapanda taratibu, jua la dirishani linazama ndani ya moshi. Mara nyingi mimi husinzia papo hapo, nisijue kama yule bibi yuko kwenye mashine au yuko chumba cha pili anakunja nguo.

Sasa Alhamisi moja nikabonyeza power. Taa ikawaka, feni ikavuma, kioo kikabaki cheusi.

Nikazima, nikawasha tena. Cheusi.

Nilifanya yote mnayoshauriana humu. Nikabadili chaji. Nikachomoa betri, nikashikilia kitufe cha power kwa muda, nikairudisha. Nikaunganisha na TV nione kama ubovu ni wa kioo tu. TV nayo haikuonyesha kitu.

Bi Zuhura hakulalamika. Alikaa mkekani mpaka udi ukaisha, kisha akaniuliza kama sauti ya mama imefutika. Nikamwambia sijui. Sikupenda kulisema neno hilo.

Fundi wa kwanza, hapa mjini, aliiwasha akaniambia motherboard imekufa, bora niiuze kwa spea. Nikamshukuru, nikarudi nimeipakata. Watu walinisalimia njiani, nami niliitikia kama niliye usingizini.

Ndipo jirani akanielekeza kwa Mwanaidi, mama mmoja mwenye kibanda cha ufundi Kerege, kando ya barabara. Akaniamkia shikamoo, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Akanieleza jambo nisilolijua: laptop kutowaka si lazima vilivyomo vimepotea, kwa sababu diski ni kifaa chake peke yake na inaweza kutolewa. Ila diski yangu ni ya siku nyingi, hakutaka kuniahidi kitu.

Wakuu, alipofungua mfuniko wa chini, harufu ya udi ikajaa kibanda kizima.

"Babu," akasema, "hii laptop imetoka nyumbani au imetoka harusini?"

Wateja wakacheka, nami nikacheka. Lakini nilifumba macho kidogo, na kwa kitambo kile nilimwona mama mkwe wangu amekaa, anajitengeneza ushungi kabla ya kuanza kusoma.

Mwanaidi akanimulikia kwa tochi, akanieleza. Udi wetu huu wa kupika una sukari na mafuta. Moshi wake umeingia Alhamisi baada ya Alhamisi, ukachanganyika na unyevu wa chumvi wa huku pwani, ukawa kama gundi nyeusi. Umeganda kwenye feni, na umeshika meno ya RAM, kile kibao cha kumbukumbu, yasiguse vizuri.

Akachomoa RAM, akayasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, akapitisha brashi yenye spiriti, akasafisha feni. Akairudisha RAM mpaka ikalia tak. Akaniambia nibonyeze mwenyewe.

Nikasema Bismillah. Kioo kikawaka.

Tukaifungua ile sauti. Ikasoma palepale, katikati ya honi za malori, na Mwanaidi akashusha kitambaa chake vizuri kichwani. Hakunidai maelezo. Akanakili kwenye flash mbili.

Njiani nilikuwa na furaha na uzito pamoja. Nitamwambiaje Bi Zuhura kwamba aliyeiziba mashine ni yeye, kwa mapenzi yake?

Nilimwambia kama ilivyo. Akajifunika uso kwa kanga. Nikadhani analia.

"Mama hata alipokuwa hai alikuwa hivyo hivyo," akasema. "Ukimzidishia udi, ananyamaza, hasomi mpaka ukitoe chetezo nje. Mimi ndiye niliyesahau."

Mashine ni mashine, wakuu, na siri za roho anazijua Mola. Lakini Alhamisi iliyofuata chetezo kilikaa barazani, na sauti ikasoma mpaka mwisho.

Nililojifunza: ikiwaka taa na kioo kikabaki cheusi, usikubali haraka kwamba imekufa. Jaribuni kusafisha RAM kwanza. Mnaofukiza nyumba, iwekeni laptop mbali na moshi. Na sauti za wazee wenu zisikae mahali pamoja tu.

Aliyepatwa na mfano wa haya aandike hapa chini, nasi wazee tujifunze.

Uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akuhifadhie sauti za uwapendao, na akujaalie utulivu wa kuzisikiliza wakingali mbele yako. Amin.