Sifuri ya Mbele

Kazini walimwita Mnoko, na hakuwahi kulikataa jina hilo, maana alilitolea jasho. Wenzake katika ile ofisi ya kutengeneza tovuti waliandika programu kama mtu anayerundika nguo kabatini: sukuma, funga mlango kwa goti, mengine kesho. Yeye alitaja aina ya kila kitu. Hili ni neno, hii ni tarehe, hii ni idadi, na hii ni namba ya simu, ambayo hakuna mwenye akili anayeijumlisha, kwa hiyo isichanganywe na idadi. Mkaguzi, ile programu inayosoma kazi kabla haijaenda kwa watu, ilipiga mstari mwekundu kila palipochanganywa. Mnoko aliipenda mistari hiyo. Bosi aliiona matusi.

Bosi alikuwa mtu wa kasi. Alitundika bango la KASI ukutani, juu ya mashine ya kahawa iliyokufa tangu wahamie hapo.

Safari hii kazi ilikuwa tovuti ya kliniki ya macho: wagonjwa wajiandikishe, na siku zao zikibadilika wapate ujumbe kwenye simu. Mmoja wao angekuwa shangazi yake Mnoko, aliyemlea tangu hajaota meno. Presha ya macho ilikuwa imeshalizima jicho la kushoto. La kulia lilimsubiri daktari mgeni aje, apasue, aende zake.

Asubuhi ya kukabidhi, kipande cha kutuma ujumbe, kazi ya jamaa waliyemwita Fasta, kilikuwa chekundu juu hadi chini. Mnoko akaomba siku moja akinyooshe. Bosi akajibu kwamba wenye kliniki wako kwenye lifti, kwamba watu hawanunui aina, wananunua tovuti, na kwamba mwenye kupenda kusahihisha akafundishe chekechea. Ofisi nzima ikacheka. Mnoko, aliyechoka kuwa mkosi wa kila sherehe, akafanya alichowakemea wengine miaka yote: mahali pa aina akaandika "chochote". Ukimwambia mkaguzi hivyo, ananyamaza, kitu kiwe kitakavyo. Wekundu wote ukafutika.

Bosi alijaribu kwa simu yake, ambayo kwa mbwembwe huiandika na namba za nchi mbele badala ya sifuri. Ujumbe ukaingia, makofi yakapigwa. Jioni yake Mnoko akamwandikisha shangazi kwa namba inayoanza na sifuri, kama za watu wote. Ndani ya kile kipande cha Fasta namba hizo ziligeuzwa idadi kimyakimya, na idadi haina haja ya sifuri ya mbele. Ikadondoshwa.

Daktari alifika mapema kuliko ilivyopangwa. Kliniki ikatuma ujumbe, nao ukaenda kusikojulikana. Shangazi alipokwenda siku yake, amevaa viatu vyake vya kutokea, mlinzi akamwambia mgeni ameshaondoka. Kabla hajapatikana mwingine, jicho la kulia nalo likazimika.

Mnoko aliifuata kasoro hiyo mstari kwa mstari hadi akakutana na neno alilolichapa mwenyewe. Ofisini Bosi aliitisha kikao, akaliita jambo hilo "somo", na akampandisha cheo Fasta kwa kulirekebisha haraka.

Nyumbani shangazi alikuwa kitandani, akikunja nguo kwa kupapasa. Mnoko akamweleza yote, hadi ile sifuri.

"Sifuri moja," shangazi akasema. "Na mimi nilidhani jicho la mtu huchukuliwa na jambo lenye maana."

Akavuta nguo nyingine kutoka kwenye rundo.

"Na hiyo mashine yenu, mama, haikukuonya?"

"Ilinionya, shangazi. Nikainyamazisha."

Shangazi alikunja gauni moja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Ungekuwa hukujua, ningekusamehe leo hii," akasema. "Sasa itabidi unipe muda."

Akanyoosha mkono kutafuta ukingo wa kitanda ili ainuke. Mnoko akaushika. Shangazi akauchomoa taratibu, akaendelea kuutafuta ukingo mwenyewe.