Jogoo Niliyemwacha Nje ya Simu

Simu ile ilifika Shinyanga kabla ya mtandao. Tajiri wangu, Mhindi Mwislamu aliyekuwa akiwauzia wachimbaji wa dhahabu pampu, mipira ya maji, kamba na sururu, alirudi nayo kutoka Dubai mwishoni mwa miaka ya tisini, akaiweka kwenye kaunta sote tuione. Ikiwa imefungwa ilikuwa simu nene ya mkononi yenye vitufe vya namba. Ukiifungua ubavuni, ndani mna kioo kirefu cha kijivu na kibodi nzima, herufi zote kuanzia A mpaka Z. Nzito, jamani! Ukimrushia mtu kichwani analazwa. Tajiri aliiwasha, akainyanyua juu, akatoka nayo mpaka katikati ya barabara, akarudi. Hola, haishiki chochote. Mtandao wa karibu ulikuwa Mwanza.

"Sasa ya nini?" mkewe akamuuliza.

"Ataandikia huyu," akasema, na kunionyesha kwa kidevu.

Huyu ndiye mimi. Nilikuwa karani wake, binti wa Ngokolo mwenye cheti cha kupiga chapa, vidole vyepesi na mdomo mwepesi kuliko vidole. Tajiri mwenyewe alikuwa na vidole vinene. Akibonyeza herufi moja zinatoka tatu, anatukana Kigujarati, anaifunga. Basi simu ikawa yangu kwa kazi, yake kwa kujionyesha.

Na kazi ilifanya, siwezi kuisema vibaya. Kila wiki lori letu lilipeleka mzigo machimboni, upande wa Geita, kupitia Kahama. Mimi nilikaa mbele na dereva, mzee mpole aliyeniita mwanangu. Zamani nilikuwa naandika mahitaji ya wateja kwenye daftari, na daftari likirudi mjini limelowa tope hata mwenyewe silisomi. Sasa nilisimama mdomoni mwa duara, ndivyo wanavyoliita shimo la dhahabu, nafungua mashine yangu, naandika: pampu inchi tatu, moja; mpira, mita hamsini. Ijumaa tajiri alikwenda nayo Mwanza, na huko inaposhika mtandao anaituma orodha ileile kwa faksi mpaka Dar es Salaam, amekaa ndani ya gari lake. Watu walijazana dirishani kumwangalia. Alifurahi sana siku hizo.

Shida ilikuwa chaji. Nikitoka dukani imejaa, nikifika machimboni imebaki kidogo, naenda kumbembeleza mwenye kibanda cha video anichomekee kwenye jenereta lake. "Kila neno linakula chaji," tajiri alinifundisha. "Andika mfupa, nyama acha." Nikaupenda ufupi. Nikawa najiona msomi kuliko wote, na mtu akianza kuzunguka maneno namkata: sema unachotaka.

Habari za watu zilianzia Nyasubi, pale Kahama tulipokuwa tunasimama kula. Mama ntilie aliniomba nimwambie mumewe machimboni kwamba mtoto amepona surua. Nikaandika, nikafika, nikamsomea mume kwenye kioo. Alicheka mpaka akakaa chini. Wiki iliyofuata walikuwa watu wanne, halafu kumi. Simu haikuweza kupiga simu, lakini ilipanda lori ikabeba maneno, na wachimbaji waliiamini kuliko karatasi. Mimi nilikuwa nakata salamu zote. Watu wetu wakikutuma salamu wanaanza na babu wanamalizia na ndama. Ningeziandika zote, chaji ingeishia kwa mashangazi.

Siku za mnada wa Mhunze, kule Kishapu, tulikuwa tunapeleka kamba na ndoo kwa wafugaji. Ndipo aliponijia mama mmoja anachechemea, mguu mmoja umevimba, fimbo mkononi, amevaa sweta la kiume juani. Mwanawe, mtoto wa pekee, alikuwa mteja wetu. Mtu mrefu, mkimya, mwenye sehemu yake kwenye duara moja tulilolipelekea pampu. Nilimfahamu vizuri.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia Kisukuma.

Hakumaliza hata kuitikia. "Andika," akasema. "Mwambie mguu umevimba na kichwa kinanigonga upande mmoja. Mwambie aje tuonane, nina mambo ya kumwambia kwa kinywa, si ya kutuma. Mwambie jogoo wake mwekundu amepumbaa, analala jikoni na anawika saa nane mchana. Yule jirani wa mpakani ameomba radhi, mwambie, ila mimi bado sijamsamehe. Na sweta lake nalivaa mimi, asilitafute."

Akaendelea, na akaendelea. Mimi macho yalikuwa kwenye kona ya kioo, kwenye alama ya betri. Vidole vyangu vilisimama tangu aliposema aje.

"Mbona huandiki?"

"Inashika yenyewe, mama. Ni ya kisasa hii."

Mungu anisamehe, nilimjibu hivyo. Akanitazama, akainama akachungulia kioo, na kusoma hakujui. "Jogoo umemwandika? Jogoo usimwache. Akisikia habari ya jogoo atajua ni mimi ninayeongea."

"Nimemwandika."

Nilikuwa nimeandika hivi: Mama yako anaumwa. Njoo nyumbani upesi. Nikafunga simu, nikaona nimefanya kazi safi.

Siku tatu baadaye nilikuwa machimboni. Mwanawe alipandishwa kutoka shimoni, tope mpaka kwenye nyusi, nikamsomea.

"Ni hayo tu?" akauliza.

"Ni hayo tu."

Aliwatazama wenzake. Mmoja wao akavua kofia. Yeye akakaa juu ya kiroba cha mawe, akafuta uso kwa kiganja, akazidi kuupaka tope. "Nimeelewa," akasema, akanishukuru Kisukuma. "Wabeja."

Nikamwambia lori linarudi kesho asubuhi na nafasi ipo. Akasema nitangulie, yeye kuna mambo anaweka sawa kwanza. Nilikasirika! Nilipanda lori nikisonya: mama anakuita, anaumwa, wewe unaweka mambo sawa. Watoto wa kiume hawa, nikasema moyoni, heri kuzaa mbuzi. Nililala nikiwa na hasira naye, na siku zilizofuata nikamsahau.

Safari iliyofuata, wiki nzima imepita, nikamkuta amesimama kando ya njia kwenye kituo chetu cha machimboni. Kichwa kimenyolewa, kinang'aa. Miguuni ana kiroba cha mchele na mfuko wa saruji.

"Hujaenda bado?" nikamuuliza. "Mama si anakusubiri?"

"Ndiyo naenda. Nakwenda kumjengea kaburi."

Sikumwelewa. "Kaburi la nani?"

"Dada, si ulinisomea mwenyewe?"

Hapo ndipo nilipoelewa, nikashika mlango wa lori. Kwetu msiba hauandikwi. Mtu akifa, aliye mbali anapelekewa habari kwamba mgonjwa kazidiwa, njoo. Hivyo tu, ili asianguke njiani. Kila mtu anajua kusoma maneno hayo. Mimi mwenyewe nilizijua tangu utotoni, telegramu za "baba mdogo anaumwa, njoo", na nyumba nzima inaangua kilio kabla karatasi haijakunjwa. Halafu mimi huyohuyo, na mashine yangu ya Dubai, nikaandika mfupa.

Naye alipiga hesabu kama ambavyo mtu yeyote angepiga. Habari imekaa njiani siku tatu, kwa joto lile mama ameshazikwa. Hakuna cha kuwahi. Basi akasubiri wenzake wamalize kuchanga rambirambi, akanyoa, akanunua saruji, asiende kwenye kaburi la mama yake mikono mitupu.

"Alikuwa hai," nikamwambia. "Nilimwacha anaongea, anafoka kabisa."

"Kama alikuwa hai, mbona hapakuwa na neno lake hata moja?"

Nikamwambia. Jogoo, sweta, jirani, yote niliyoweza, maneno yakinitoka ovyo huku nalia. Nilitamani anipige. Hakunipiga, wala hakunitukana. Alitupa mchele na saruji nyuma, akapanda mbele, akakaa kati yangu na dereva, akasema neno moja tu: "Twende."

Mzee wa watu aliliendesha lori lile siku hiyo namna ambayo sijawahi kuona tena. Tulifika Shinyanga, tukapita mbele ya duka bila kusimama. Nilimwona tajiri mlangoni amenyanyua mikono yote miwili. Njia nzima nilikuwa na ombi moja. Mungu, amkute anaongea. Ana mambo ya kumwambia kwa kinywa. Amkute tu anaongea.

Tulipoingia uani kwao, shangazi yake alitoka, akaona kile kipara, akapiga yowe. "Umemnyolea nani wewe? Mama yako yuko ndani!"

Mwanawe akaingia mbio, nami nyuma yake. Kwenye mlango wa jiko jogoo mwekundu alikuwa amelala, hata hakusogea. Mama alikuwa kitandani, sweta mwilini, mdomo umepinda upande mmoja. Macho yalikuwa yake, makali yaleyale. Mkono mmoja ulikuwa unafanya kazi. Sauti haikuwepo.

"Leo siku ya nne," shangazi akasema. "Kabla ya hapo alikuwa anaongea vizuri tu. Kila siku anauliza kama lori limerudi."

Siku ya nne. Mwanawe angepanda nami lori lile la kwanza, angekaa naye siku nzima na zaidi akimsikiliza. Kila mtu mle chumbani alipiga hesabu hiyo, ila ni mimi tu niliyejua kosa liko wapi, mimi na yeye.

Alipiga magoti. Mama akaupeleka ule mkono mzima kichwani kwake, akakipapasa kipara, polepole, mbele mpaka kisogoni. Akaelewa. Kisha akageuza macho akanitazama mimi, na sikuweza kuyakwepa.

"Kaa hapa," mwanawe akaniambia. "Sema yote aliyokwambia. Mbele yake."

Nikakaa kwenye kigoda. Kwa mazoea nilikuwa nimeshaifungua simu. Nikaifunga nikaiweka chini. Nikaanza. Mguu. Akafumba macho: ndiyo. Kichwa kinachogonga upande mmoja, akafumba. Jogoo, kwamba anawika saa nane mchana. Koo likatoa sauti, nami naamini alicheka. Jirani, kwamba ameomba radhi, akafumba. "Ila wewe bado," nikaongeza, na akafumba kwa nguvu zaidi. Sweta. Akafumba.

"Ni hayo," nikasema.

Hakufumba. Alinikodolea, akanyanyua kidole kimoja.

"Kuna lingine," mwanawe akasema. "Kumbuka."

Nikajaribu. Ng'ombe? Macho wazi. Shamba la pamba? Wazi. Deni la mtu? Mchumba? Paa la nyumba? Wazi, na kidole bado kiko juu. Nilikuwa nimelisikia. Aliniambia sokoni, umbali wa mkono, kwa sauti kubwa, na mimi nilikuwa natazama betri. Wahenga wanasema barua ni nusu ya kuonana. Mimi nusu hiyo niliitupa mnadani Mhunze, mwenyewe akiwa amesimama mbele yangu. Nikasema sikumbuki, mama, nisamehe. Akakishusha kidole.

Alifariki wiki mbili baadaye. Saruji ilikuwepo.

Tajiri alinifokea kwa lile lori, nikamwambia ukweli wote, naye akaniuliza kama mama yule alizikwa vizuri. Kazi ya orodha niliendelea nayo kwenye simu. Maneno ya watu niliyanunulia daftari kubwa la jalada gumu, nikawa naandika kila kitu, babu mpaka ndama, na nikimaliza namsomea mwenyewe kabla sijaondoka.

Mwanawe yule mama alirudi kwenye duara lake na akaendelea kuwa mteja wetu. Hakuwahi kunivunjia heshima. Kila lori lilipofika alihesabu mipira yake, akatia sahihi, akanirudishia kalamu, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Umekumbuka?"

"Bado," namjibu.

"Haya. Safari njema."