Lori Lililotoka Vizuri

Picha yangu ya kwanza ya gari linalokwenda ilionyesha miti imetulia, na mahali pa gari pana ukungu mtupu. Ya pili hivyohivyo. Nilikasirika, maana kwetu Uvira nilikuwa fundi wa studio ya picha na wateja walinisifu kwa mkono usiotetemeka. Kumbe mkono huo ndio ulioniponza. Studio ilinizoeza kubana pumzi na kuganda kila ninapobonyeza.

Aliyeligundua kosa ni mzee mmoja Mnyarwanda, jirani yetu hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, zamani mpiga picha wa gazeti.

“Petit, we unafinya na unasimama,” aliniambia, akiniita mdogo kwa Kifaransa. “Gari haisimame. Chagua kitu moya juu yake, taa ao mulango, ukifate na macho. Finya, na uendelee kukifata.”

Basi nikawa nasimama kando ya barabara ya Lilongwe, nazungusha kiuno kama mwendawazimu, nikifuata baiskeli za kabaza zinazobeba abiria, pikapu, malori. Sikujua kama najifunza au najichekesha tu. Siku niliyopeleka filamu mjini kusafishwa nilijaribu magari ya wakubwa kule Capital Hill kwenye ofisi za serikali, mlinzi akanifukuza.

Mama alinuna. Dada yangu mkubwa alitupotea tulipoikimbia Uvira, na kila mgeni aliyeingia kambini mama alimuuliza habari zake. Mimi, mwanawe aliyebaki, nahangaika na magurudumu.

Filamu ya tatu ikanipa lori. Mlango wake ulisomeka hadi mikwaruzo ya rangi, na miti nyuma ilikuwa mistari mitupu. Nilifurahi kupita kiasi. Nikampelekea mama picha ile.

Hakulitazama lori. Alitazama juu ya magunia, walikoketi wanawake wanne. Watatu walionekana vizuri, hata maua ya vitenge vyao. Wa nne, kitenge chake kilionekana pia, lakini uso ulikuwa umefutika.

“Ona vile anashika gunia,” mama alisema. “Mukono wa kushoto. Njo yeye, dada yako.”

Dada alikuwa wa mkono wa kushoto, kweli. Lakini ni wangapi wenye mkono wa kushoto duniani? Nilitaka kuamini, nikaogopa, nikaiamini, nikaikana, yote kabla ya kutoka mlangoni. Nikamkimbilia mzee.

“Mzee, mbona huyu peke yake ndiye amefutika? Nilikosea wapi?”

Aliisogeza picha kwenye mwanga.

“Haukukosea. Kila kitu chenye kilikwenda na lori kimetoka muzuri. Huyu aligeuza kichwa, mbio.”

“Kwa nini?”

“Pengine aliona mutu barabarani.”

Kando ya barabara siku ile nilikuwa peke yangu.

Nilizunguka Area 36 na Chinsapo, mitaa ya Lilongwe lilikoelekea lori lile, siku nyingi na picha ile mkononi. Watu waliitazama kwa adabu, wakaniuliza uso uko wapi. Wakasema zikomo, yaani asante, wakaendelea na shughuli zao. Mpaka leo sijui kama nilimtafuta dada yangu au mke wa mtu mwingine.

Jioni ya mwisho mama alinipokea langoni. Hakuuliza nimepata nini.

“Lori ilipita mbele yako,” alisema. “Ukiwa na macho yote mbili. We ulikuwa unaangalia nini?”

Nikamwambia ukweli. Nilikuwa naangalia mlango.