King'ora cha Kumi na Moja

Nakumbuka alasiri moja ya masika, mwanangu, mvua imeshuka kutoka milima ya Uluguru na kuufunika mtaa wote wa Mafiga. Nilikuwa fundi kijana. Tulikuwa tukifunga kengele za moto katika bweni la wasichana, na mkubwa wangu wa kazi alikuwa Mzee Mkude, Mluguru mpole asiyependa maneno mengi.

Hesabu ya ving'ora aliniachia mimi. Laini moja ya waya kutoka kwenye betri iliweza kulisha ving'ora kumi vikilia pamoja, nami nikaweka kumi. Nilijiona hodari, hakuna nafasi iliyopotea. Kisha matroni, Mama Salome, akaniambia kuna chumba kipya mwisho wa jengo, wasichana sita wanahamia. Nikaongeza cha kumi na moja kwenye laini ileile. Kimoja tu, nilijisemea. Haba na haba hujaza kibaba, lakini ujana hauoni kibaba kikifurika. Nikavijaribu kimoja kimoja, na kila kimoja kililia vizuri.

Mzee Mkude alipokuja kukagua, aliuliza tu nimebakiza nafasi kiasi gani kwenye laini. Nikamjibu kwa majivuno kwamba sijabakiza. Akazima umeme wa jengo zima ili kengele zitegemee betri, kama inavyotokea nyumba ikiungua. Kisha akamwomba Mama Salome akajilaze katika chumba kile cha mwisho, afunge mlango, atoke akisikia king'ora.

"Nitatoka mbio," alisema mama yule akivua viatu. "Atakayecheka nikianguka, leo hali wali wangu."

Tukaviliza vyote kwa pamoja. Upande wetu ukajaa kelele, na juu yake mvua ikipiga bati. Tukautazama mlango wa mwisho. Haukufunguka. Mzee alihesabu kwa midomo bila sauti. Mwishowe akavinyamazisha, tukaenda kufungua wenyewe. Mama Salome alikuwa ameketi kitandani, viatu mkononi.

"Mbona hamuanzi, wanangu? Nasikia mvua tu."

Hakuna aliyecheka. Nilivitazama vile vitanda sita vilivyotandikwa. King'ora cha chumba kile, cha mwisho kwenye laini, hakikupata umeme wa kutosha vyote vilipolia pamoja.

Mzee Mkude hakunigombeza. Alisema, "Mama yangu alishuka mlimani na tenga la mboga kila siku ya soko, na hakulijaza hata mara moja. Mvua ikimkuta njiani mboga hunywa maji, tenga huzidi uzito. Wewe umelijaza, halafu ukaombea jua."

Nikavuta laini ya pili, nikagawa ving'ora upya, na wasichana hawakuhamia mpaka Mama Salome aliposikia kwa masikio yake.

Basi mwanangu, unayeshika leo koleo na kalamu, hesabu mzigo wa kila chombo kinapopiga kelele, si kinapopumzika. Jumlisha mizigo yote, kisha acha walau sehemu moja kati ya tano ya laini ikiwa tupu, maana betri huzeeka na nyumba huongezwa vyumba. Kikiongezwa hata kimoja, rudi mwanzo wa hesabu. Atakayekuita mwoga, mwache aite. Akiba haiozi.

Mungu aipe mikono yako subira, na watu usiowajua waamke salama kwa sababu ulihesabu vema.